Padri Niliyempunguzia Kifo

Utenzi wa padri wa Kicheki ulinigharimu pea moja ya kanga mpya, chupa ya asali ya Yemeni, Ijumaa zangu zote za msimu mmoja wa joto, na kipande cha ukucha wa gumba kilichobaki kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nimehesabu mara mbili. Usingizi sikuutia kwenye hesabu, kwa sababu usingizi wa mfanyakazi wa ndani hauna bei. Hata Batha, soko la Riyadh ambako mtu anaweza kukuuzia kiatu cha kulia leo akakuahidi cha kushoto wiki ijayo, sijauona ukipangwa mezani.

Naanza na gharama ili ijulikane kwamba nilichopata nilikinunua. Sikukiokota.

Kabla ya Uarabuni nilikuwa muuza mitumba Kongowea, Mombasa. Miaka ile maajenti walikuwa wamejaa mitaani kwetu, na wanawake waliokuwa wakipigania meza moja sokoni sasa walikuwa wakipigania viza. Ajenti wangu aliapa kwamba nyumba ninayopelekwa Riyadh ina watu wawili tu, mume na mke, watoto wamekua wamekwenda zao. Nilipofika nilihesabu watu watatu. Nikahesabu tena, nikisema labda ni uchovu wa ndege. Watatu.

Wa kwanza alikuwa baba, kafili wangu, yaani mwajiri anayedhamini viza, Msaudi, mhandisi wa mabomba ya maji. Wa pili madam, Mcheki, aliyekutana na baba wakati baba anasoma kwao Ulaya. Alimfuata, akasilimu, akajifunza kupika kabsa, wali wao wa nyama, mpaka wifi zake wakanuna. Wa tatu ndiye ambaye mkataba haukumtaja: mama yake madam, ajuza mrefu mwenye goti moja bovu, aliyeletwa baada ya kufiwa na mumewe. Nilimwita nyanya siku ya kwanza, akaitika, na jina likakaa.

Madam aliniambia, "Huyu mama yangu. Hana kazi nyingi."

Mimi ni mtu wa soko. Mwenye mali akikwambia kitu hakina kazi nyingi, kigeuze uangalie upande wa pili. Upande wa pili wa nyanya ulikuwa ni kusimulia. Kazi yote ya mikono, akikaa kwenye kiti chake cha jikoni na mguu juu ya ndoo, lazima iendane na hadithi. Kwao, alisema, majira ya baridi wanawake walikuwa wakikusanyika jikoni kuchambua manyoya ya bata bukini kwa ajili ya mito. Unachana unyoya, unatupa mti wake, unabakiza ulaini. Mtu akipiga chafya, kazi ya jioni nzima inapaa darini. Kwa hiyo hakuna anayecheka sana wala kulia sana. Mmoja anasimulia, wengine wanachana. Na alichosimulia babake nyanya katika jiko lile, mwaka baada ya mwaka, kilikuwa maisha ya padri mmoja wa zamani za kale, mshairi, aliyetembea vijijini kwao.

Riyadh hatukuwa na bata bukini. Tulikuwa na mulukhiya, yale majani ya mlenda ambayo lazima uyatoe mmojammoja kwenye kikonyo, na baba alikuwa anaipenda mulukhiya kupita kiasi. Tukachambua mulukhiya.

Sasa, lugha. Nyanya alikuwa na Kicheki chake, mimi na Kiswahili changu, na katikati tulikuwa na Kiarabu cha jikoni, kile ambacho hakina vitenzi vinavyoeleweka lakini kina *mafi*, yaani "hakuna", za kutosha. Maisha ya mshairi mkubwa wa dini yalinifikia hivi:

"Baba kanisa. Mafi hurma."

Padri, hana mke. Sawa.

"Mafi fulus."

Hana pesa. Nikasikitika.

"Kitabu kathir, kathir! Yimshi, yimshi, yimshi."

Vitabu vingi, anatembea, anatembea, anatembea. Na huku anasema anachukua kichupa cha chumvi na kukitembeza juu ya sinia, kupita vilima vya majani. Kichupa cha chumvi ndicho kilikuwa padri. Cha pilipili kilikuwa mkubwa wake.

Nilimuuliza maswali ninayoyajua. Vitabu aliuza kwa kiasi gani? Hakuuza. Nani alimpa chakula? Jumuiya ya mapadri wenzake. Nyumba? Ya jumuiya. Nikamwambia huyu mtu hana akili ya biashara. Nyanya akacheka, akaniambia ningoje.

Kwa miezi mingi nikayapata yote, jani kwa jani. Kwamba padri huyu alikuwa amefika mbali mjini: akifundisha vijana ufasaha wa lugha, kisha akakabidhiwa funguo za kiwanda cha kuchapa vitabu. Kwamba alitunga nyimbo za kumlaza mtoto Yesu, na mashairi marefu ambamo Mungu ni mkubwa mpaka ukisoma unainamisha kichwa, na binadamu ni vumbi la chini ya mkeka. Kisha, mtu mzima, mwenye funguo kiunoni, akaomba atolewe mjini apelekwe vijijini. Akaenda kwa miguu, mlango kwa mlango, theluji na mbwa, miaka mingi. Mwishowe ukaja ugonjwa wa tauni, akaingia kuwauguza watu, akafa nao.

Hapo kwenye funguo ndipo nilipompenda. Nawajua watu waliotoka uchuuzi wakapata duka. Simjui hata mmoja aliyekuwa na duka lenye funguo akarudi uchuuzi kwa hiari yake. Na uchuuzi naujua: kubisha mlango ambao hujui nyuma yake kuna mtu au mbwa, na kuanza maneno kabla haujafungwa. Nilimwambia nyanya, kwa kukitembeza kile kichupa cha chumvi mimi mwenyewe, kwamba sasa nimemwelewa mtu wake.

Madam alikuwa akipita jikoni, anasikia, anatikisa kichwa. "Mama, tena?" Hakuwa na ubaya. Aliyasikia yote utotoni, akachoka nayo, na sasa ana dini yake na shughuli zake. Baba yeye alisema la ndani ya nyumba ni la ndani ya nyumba, na mulukhiya ilikuwa ikichambuliwa vizuri.

Halafu kazi ya baba ikahamia Jeddah. Tukafunga mizigo, tukashukia mtaa wa Al-Safa, gorofa ya pili, joto lenye maji ndani yake kama nguo iliyokamuliwa nusu. Na huko nyanya akaanguka bafuni. Hakuvunjika, lakini mwanawe wa kiume aliyebaki Ucheki alipiga simu, wakasema kwa sauti za juu, na mwisho wake ukawa kwamba nyanya atarudishwa kwao, kwenye nyumba ya wazee inayotunzwa na masista, joto likipungua.

Siku aliyoambiwa hakulia. Alinishika mkono juu ya sinia.

"Hunak, mafi kalam," akasema. Kule hakuna atakayenisimulia.

Nikamwambia si wewe ndiye unayesimulia? Wasimulie masista.

Akatafuta maneno muda mrefu. Aliyoyapata niliyakusanya hivi: babake alipokufa, msimulizi akawa yeye, na tangu hapo hajapata kuyasikia. Mtu akijisimulia, hasikii, anasema tu. Alitaka kabla hajaondoka ayasikie maisha ya yule padri mara moja, yote, kutoka kinywa kisicho chake. Madam hawezi, alisahau nusu. Nimebaki mimi.

"Kwa Kiarabu?" nikauliza, maana Kiarabu chetu kisingemfikisha padri hata mlangoni.

"La. Enti kalam." Lugha yako wewe.

Basi nikaanza kuyaimba maisha hayo kwa Kiswahili nikianika nguo juu ya paa, ili yakae kichwani. Sikujua ninatunga nini. Nilikuwa nikiunga maneno kama mtu anayeshona nguo gizani. Siku moja sauti ikatoka dirishani mwa nyumba ya jirani, Kiswahili cha Unguja, kilichonyooka kama rula.

"Ee wewe unayeanika mashuka!"

"Abee!"

"Huo wimbo umevunjika miguu. Nani kauvunja?"

"Ni wangu mwenyewe, bi mkubwa."

"Basi hebu shuka nimwone mvunja miguu."

Alikuwa mama wa Kizanzibari, kwao walikimbia mwaka sitini na nne, yeye msichana, na Jeddah ndiko alikoolewa na kuzalia. Wajukuu wake walikuwa Wahijazi kabisa, wanamjibu kwa Kiarabu. Lakini kichwani alikuwa na tendi nyingi kuliko nguo nilizowahi kuuza, alizozipata kwa mamake, na mamake kwa mamake. Aliniketisha ukumbini, akanipa kahawa, akaniuliza ninaimba habari za nani.

"Za padri, bi mkubwa."

Kahawa ikasimama njiani. "Padri wa Manasara?"

"Ndiyo."

"Anamtukana mtu humo ndani?"

"Hapana. Anatembea tu."

Akafikiri. "Basi na atembee. Lakini kwa miguu mizima. Nitakufunza, na kufunzwa kuna kilemba." Kilemba, kwa asiyejua, ni zawadi mwanafunzi anayompa fundi wake.

"Nipunguzie, bi mkubwa."

"Nipunguze nini, nimetaja?"

"Kwetu Kongowea tunapunguza kabla ya kutajiwa. Ndiyo adabu."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa kiti. Halafu akataja, na kicheko kikahamia upande wake peke yake: kanga pea moja kutoka Mombasa, jina la kanga alikubali mwenyewe kwanza, asali ya Yemeni, kumkunia nazi kila Ijumaa maana wanawe wanamlisha tui la kopo, na kumkanda miguu. Nilipambana saa nzima. Nikaiondoa miguu. Nazi zikabaki. Asali niliinunua baadaye, baba alipotupeleka Riyadh kwa nduguze, nikachomoka mpaka Batha nikamchosha muuzaji hadi akaniita dada yake kwa uchungu.

Nilimletea ubeti wangu wa kwanza kwa majivuno. *Alizaliwa Ulaya, kwenye theluji mbaya.* Akagonga kifuniko cha dele la kahawa kila silabi inapopita, maana katika utenzi kila mstari unabeba mizani nane, si zaidi si pungufu.

"Rudia wa pili."

"Kwenye theluji mbaya."

"Saba."

"Nane, bi mkubwa. Nimehesabu mara mbili."

"Umehesabu kwa vidole. Vidole havina masikio. Imba!"

Nikaimba. Kifuniko kikagonga mara saba, kikabaki hewani kikiningoja. Hakuna mteja aliyewahi kuniaibisha namna ile, na nimeaibishwa na wateja wa Mombasa. Nikarudi nyumbani, nikawa napiga deki kwa mizani nane, nakata vitunguu kwa mizani nane. *Theluji imeeneya.* Wiki iliyofuata kifuniko kilitua mahali pake, na bi mkubwa hakunisifu, alisukuma nazi mbili mbele yangu. Nikajua nimefaulu.

Ijumaa kwa Ijumaa padri akasimama. Akawa na mwanzo wa kumtaja Mungu, ambao bi mkubwa aliutengeneza ili sote wawili tuweze kuutamka bila kukwaruzana. Akawa na shule, na kiwanda cha vitabu, na funguo. Beti za uchuuzi wake nilitunga peke yangu, na ndizo alizozigonga mpaka mwisho bila kurudisha hata mmoja. "Hizi," akasema, "zimetungwa na mtu aliyefungiwa mlango." Nilitembea na sentensi hiyo kifuani mwezi mzima kama kidani.

Imebaki tauni. Na hapo nikafanya ujanja.

Kwetu hutaji kifo mbele ya mgonjwa. Mtu yuko kitandani, goti limevimba, anangoja ndege ya kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, wewe unakaa mbele yake unaimba kufa? Huko ni kumwita Malaika kwa mluzi. Bi mkubwa naye alikuwa hajaligusa suala hilo, na mimi sikumkumbusha. Nikampunguzia padri kifo. Nikamwacha kwenye ubeti wa mwisho akiwa njiani, fimbo mkononi, kijiji mbele, buheri wa afya. Nikaona ni bei nzuri kwa kila mtu, pamoja na padri.

Tulikaa jikoni alasiri moja, mimi na nyanya, sinia la mulukhiya katikati. Nikamwambia yalla, leo unasikia. Nikaimba. Nyanya haelewi Kiswahili hata neno, lakini alisikiliza kama mtu anayeangalia barabara akimngoja mgeni; alinyanyua kichwa kila nilipogusa kichupa cha chumvi kumwonyesha tumefika wapi. Nikamaliza. Nikatabasamu.

Yeye akaendelea kungoja.

"Halas, nyanya," nikasema. Imekwisha.

"Mafi halas." Akaninyooshea kidole mikononi. "Yad." Mkono.

Nikaiangalia mikono yangu. Ilikuwa inachambua majani.

Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza, kwa sababu kwao halielezwi, hufanywa tu. Katika jiko la babake, simulizi ikifika padri anapokufa, mikono yote inasimama. Hakuna anayeamrisha. Unyoya ulioko kidoleni unabaki kidoleni mpaka msimulizi avute pumzi na kusema amezikwa. Basi hakuhitaji kujua lugha yangu. Alikuwa anangoja mikono yangu isimame, na mikono yangu ilikuwa imechambua moja kwa moja mpaka mwisho wa habari.

"Maut fen?" akauliza. Kifo kiko wapi?

Nikajaribu kumweleza mkosi. Nikaonyesha goti, nikaonyesha kitanda, nikaonyesha juu. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akakichukua kichupa cha chumvi, akakiweka katikati ya majani pale padri alipoingia kwa wagonjwa, akakilaza. Akanitazama. Hapo hapapunguzwi, macho yalisema. Mtu alitoa kila kitu, wewe unamrudishia chenji?

Na tiketi ya ndege ilikuwa imeshakatwa.

Niliteremka kwa bi mkubwa siku isiyo Ijumaa, jambo ambalo halikuwa kwenye mapatano. Nikamweleza. Akanisuta kwanza, kama ilivyo haki yake.

"Umemtoa mtu utenzini yu hai? Utenzi gani huo mtu hafi? Unauza nyumba haina choo!"

"Niliogopa mkosi."

"Mkosi ni nusu. Nusu haijapata kumbariki mtu." Akazungusha tasbihi. Nikajua anapima jambo jingine, lile la dini, ambalo tulikuwa tumelizunguka kiangazi chote kama watu wanaozunguka shimo barabarani. Kumtembeza padri ni jambo moja. Kumfisha kwa sifa ni jambo jingine, na yeye ni mwanamke wa swala tano.

"Alikufa na nini, ulisema?"

"Tauni. Wengine walikimbia, yeye akaingia kuwauguza. Ikampata."

"Alijua itampata?"

"Alijua."

Tasbihi ikasimama. "Kwetu sisi, muumini akifa kwa tauni naye amekaa mji ule hakukimbia, huyo ni shahidi. Huyu wa kwenu mambo yake yako kwa Mola wake, mie si kadhi. Lakini kuingia nyumba ya wagonjwa, wenye mali walipotoka, huo ni wema, na mie wema siukatizi mizani. Lete kifuniko."

Tulizitunga beti za kifo siku ile ile, yeye akigonga, mimi nikitafuta, nazi hakuna. Nyingi ni zangu, neno la *ndwele*, yaani ugonjwa, ni lake.

*Maradhi yalipozuka*
*matajiri wakatoka*
*milango ikafungika*
*yeye ndani akangia.*

*Wagonjwa aliwalaza*
*mchana akawatuza*
*usiku akauguza*
*ndwele ikamrukia.*

Alipogonga silabi ya mwisho hakukinyanyua kifuniko tena. "Nitakuja kusikiliza," akasema. "Nina haki. Fundi hasikilizi kazi yake dirishani."

Basi siku mbili kabla ya safari tukawa watatu jikoni. Bi mkubwa alivaa ile kanga ya kilemba, ambayo jina lake lilikuwa la kuwakata maini majirani, akaketi karibu na nyanya. Hawakuwa na neno moja la kuelewana. Waliangaliana magoti, kila mmoja akamwonyesha mwenzake lake lililo bovu, wakaridhika. Sinia likaja. Bi mkubwa akachambua mulukhiya kwa kasi iliyonitia haya.

Nikaanza. Sauti yangu si ya kusifiwa, lakini siku hiyo ilikuwa na miguu mizima. Nilimzaa padri kwenye theluji. Nilimpa funguo, nikamwona akizirudisha. Nilimpitisha kwenye milango yote niliyowahi kufungiwa. Katikati ya beti za vijiji madam aliingia kuchukua maji, akasimama kwenye friji akiwa na gilasi tupu, akavuta kiti, akachukua fungu lake la majani. Vidole vyake vilijua kazi ile tangu zamani.

Nilipofika *yeye ndani akangia* nilianza kuogopa. Nilipofika *ndwele ikamrukia* niliiweka mikono yangu chini ya ukingo wa sinia.

Ya bi mkubwa ikasimama, jani kidoleni. Ya nyanya ikasimama. Nikamwangalia madam, ambaye Kiswahili hajui, ambaye alisema amesahau nusu, ambaye yuko mbali na jiko lile kwa miaka na bahari na dini. Yake ilikuwa imesimama kabla ya yangu. Sijui aliona nini: uso wa mamake, au sauti yangu iliteremka, au mwili wake tu ulikumbuka mahali pake. Jikoni palikuwa na mngurumo wa friji peke yake.

Nikavuta pumzi. Nikamzika kwa beti tatu. Mikono ikarudi kwenye kazi.

Nyanya hakulia hapo pia. Alinibana shavu kwa vidole vya kijani mpaka likauma, akasema neno moja la Kiarabu, safi kuliko yote aliyowahi kusema: "Kamil." Kisha akamgeukia bintiye wakaanza kuzungumza Kicheki, haraka haraka, wakikatizana, madam akicheka na kupangusa pua kwa kiwiko. Bi mkubwa akaniinamia akaninong'oneza, "Ubeti wa tano uliuvuta sana." Lakini alikuwa anatabasamu, na mimi nilikuwa nimesikia sifa aliyoificha chini ya maneno hayo.

Nimewahi kuuza robota zima la mitumba kwa asubuhi moja. Nimewahi kumpunguzia bei mtu aliyeapa kwa mama yake kwamba hapunguzi. Hakuna siku niliyoinuka kutoka mahali nikiwa mrefu kama nilivyoinuka kutoka kwenye ndoo niliyoikalia jikoni Al-Safa.

Nyanya alisafiri. Tulimfunga goti vizuri, madam akampeleka mwenyewe hadi kwao, akarudi baada ya wiki mbili akiwa amekonda.

Sasa hivi huzungumza nasi kwa simu ya video, madam akiishika, mimi nikiingiza kichwa pembeni. Mara ya mwisho alitaka kusema na mimi tu. Yuko kitandani, chumba cha wagonjwa sita. Akageuza simu anionyeshe: mmoja anaficha sukari chini ya mto. Mmoja anamwita kila sista kwa jina la dada yake. Mmoja hasemi, lakini akiona mvua anapiga makofi. Akairudisha simu usoni pake, akaniuliza kwa Kiarabu chetu:

"Marid, nafarat?"

Wale wagonjwa. Watu?

Nilielewa mara moja. Katika utenzi wangu, ambao nimejivunia mpaka majirani wamechoka, wagonjwa wanaingia kwenye mstari mmoja, wanalazwa, wanatuzwa, na hawaonekani tena. Padri ana theluji yake, funguo zake, mbwa zake. Wao hawana hata sukari. Nyanya anataka beti zao. Amesema padri hakuuguza "wagonjwa". Aliuguza huyu, na huyu, na huyu. Nami nilisema nitazitunga, kwa sababu nilikuwa nimevimba kichwa na kwa sababu ni yeye.

Nimejaribu. Bi mkubwa anasema utenzi husifu mmoja, wengine ni umati, na ukimtaja kila mtu unapasuka kama gunia. Tena habari zao hazipo. Hata babake nyanya hakuwa nazo, hakuna aliyezihifadhi. Nikiwatungia sukari na makofi kutoka chumba kile cha sasa, nitakuwa nimesema uongo juu ya maiti. Nikiwaacha walivyo, nimempunguzia tena mtu asiyepunguziwa.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaotunga, na ninyi mliowahi kuuguza, na hata ninyi mliowahi kulala kitanda cha katikati mkapitwa na macho ya daktari: mtu ambaye hakuacha jina wala habari, anaingizwaje kwenye mizani nane bila kusingiziwa? Nitunge, au niwaachie mistari mitupu ambayo msikilizaji ataiona? Nishaurini, tafadhali, na msingoje sana, kwa maana nyanya bado anasikia.